Kutoa safu ndani ya orodha ya Python: njia tano, na ipi inakufaa

Nilikuwa na sinia la maharage, simu, na mistari isiyofika arobaini ya Python. Kazi yenyewe ndogo: piga picha sinia kutoka juu, iache OpenCV (maktaba ya kuchakata picha) ichore mzunguko, yaani kontua, wa kila kilichomo, peta vumbi, toa kokoto, toa ukingo wa sinia, kisha hesabu punje zilizobaki. Ilifanya kazi wiki nzima. Siku ya nane nikamwaga maharage ya gunia jingine, na mstari ambao haujawahi kunisumbua ukagoma:

```
kontua.remove(kokoto)
ValueError: The truth value of an array with more than one element
is ambiguous. Use a.any() or a.all()
```

Msimbo sikuwa nimeugusa. Kilichobadilika ni maharage tu.

Kama umefika hapa, huenda umekwama kwenye ujumbe huo huo, au umeshapata majibu manne yanayopingana na kila moja linajiita sahihi. Yote yanaweza kuwa sahihi. Tofauti yao iko kwenye swali ambalo `remove` haikuulizi: hicho unachotaka kukitoa, unakijuaje? Kwa sifa yake, kwa nafasi yake kwenye orodha, kwa kuwa umekishika mkononi hicho hicho, au kwa sura yake? Jibu lako ndilo linalochagua njia.

## Kwa nini `remove` inagoma

`orodha.remove(x)` hupita kuanzia mwanzo wa orodha, na kila inapofika huuliza maswali mawili. La kwanza: hiki ndicho `x` chenyewe, kile kile kilichoko kwenye kumbukumbu ya kompyuta? Kama ndicho, inakitoa na kazi imekwisha. Kama sicho, linafuata la pili: je, `hiki == x`? Ukiwa na namba au maneno, jibu ni kweli au uongo. Ukiwa na safu (array) za NumPy, maktaba ya hesabu ambayo OpenCV huitumia kubeba kila kontua na kila picha, `==` hurudisha safu nzima ya kweli na uongo, pointi kwa pointi. Python inataka neno moja, NumPy inakataa kulitamka kwa niaba yako, na programu inalala.

Hapo fumbo la maharage likafunguka. Kokoto ikiwa ya kwanza kwenye orodha, swali la kwanza linatosha na hakuna kosa. Ikiwa ya tatu, lazima ilinganishwe na mbili zilizoitangulia. Kontua ya pointi 23 ina umbo la `(23, 1, 2)`. Ikikutana na ya pointi 31, maumbo hayaoani, na ile NumPy ya zamani niliyokuwa nayo ilijibu `False` basi, pamoja na onyo ambalo sikulisoma. Wiki nzima hakuna punje iliyotangulia kokoto ikiwa na idadi sawa ya pointi. (Vumbi la pointi moja, ambalo kwa kanuni za NumPy huoana na kontua yoyote, nilikuwa nimeshalipeta mapema.) Gunia la pili likaleta punje moja ya pointi 23, na mchezo ukaisha.

Tangu NumPy 1.25 hata bahati hiyo haipo tena: kulinganisha safu zenye maumbo yasiyooana ni `ValueError` papo hapo. Binafsi naona ni afadhali.

Mambo mawili kabla ya kuendelea. Ushauri wa `a.any()` na `a.all()` ulioko kwenye ujumbe wa kosa hauwezi kukusaidia hapa, kwa sababu ulinganishaji unafanyika ndani ya `remove`, mahali ambapo mkono wako haufiki. Ukiandika `kontua.remove(kokoto.all())` utakuwa unaiambia Python itafute neno `True` katikati ya maharage. Pili, ugonjwa huu si wa `remove` peke yake. `if kokoto in kontua`, `kontua.index(kokoto)` na `kontua.count(kokoto)` zote huuliza maswali yale yale mawili na huanguka kwa namna ile ile.

## Vigezo nitakavyotumia

Nitazipima njia zote kwa mizani moja.

Usalama. Simaanishi kama njia inatoa kosa au haitoi. Kosa linaloonekana ni rafiki. Ninachouliza ni hiki: njia hii inaweza kutoa kitu kisichokusudiwa bila kusema neno? Kigezo hiki nakipa uzito kuliko vyote.

Kumbukumbu na kasi. Fremu moja ya video ya 1920 kwa 1080 yenye rangi tatu ni baiti 6,220,800. Fremu 300 ni karibu gigabaiti 1.87. Ukiwa na kontua za maharage huna haja ya kuwaza haya. Ukiwa na fremu, ni lazima.

Orodha ndugu. Orodha ya picha ni nadra kutembea peke yake. Kuna orodha ya majina ya mafaili, ya alama, ya maeneo. Ukitoa kitu upande mmoja ukasahau wa pili, picha ya saba inaanza kuitwa jina la picha ya nane.

Inamfaa nani. Kwa sababu ndilo swali lililokuleta.

## Njia ya 1: Kujenga orodha mpya kwa sharti

Hapa hutoi kitu. Unaandika sharti la wanaobaki, na orodha mpya inazaliwa.

```python
safi = [k for k in kontua if 400 < cv2.contourArea(k) < 6000]
```

Usalama. Ni mkubwa, kwa sababu hakuna safu inayolinganishwa na safu. `contourArea` inarudisha namba moja na Python inaridhika. Pia inafanya kazi hata kama `kontua` si orodha. OpenCV za karibuni hurudisha kontua zikiwa ndani ya `tuple`, aina ya orodha isiyobadilika, ambayo haina `remove` kabisa, na wengi hupoteza nusu saa kwenye kosa hilo kabla hata ya kufikia kosa la kweli.

Mtego uko kwenye jina. Ukiandika `kontua = [...]`, jina hilo sasa linaelekea kwenye orodha mpya, lakini sehemu nyingine ya programu iliyokuwa imeshika orodha ya zamani bado inaona vumbi na kokoto. Kama unataka wote waone mabadiliko, andika `kontua[:] = [...]`. Nukta mbili ndani ya mabano. Ni rahisi kuziruka na macho.

Naomba nikae kidogo kwenye kile ambacho watu huandika badala ya njia hii:

```python
for k in kontua:
    if cv2.contourArea(k) < 400:
        kontua.remove(k)
```

Chukua orodha ya vitu vitatu: vumbi, vumbi, punje. Kitanzi kinaanza nafasi ya 0, kinakuta vumbi, kinalitoa. Kwa kuwa lilikuwa la kwanza, swali la utambulisho limetosha na hakuna kosa. Vumbi la pili linasogea kuchukua nafasi ya 0. Lakini kitanzi kimeshahesabu 0 kuwa imepita. Kinaenda 1, kinakuta punje, kinaiacha, kinamaliza. Vumbi la pili limebaki. Hakuna kosa, hakuna onyo, na hesabu yako ina punje moja ya uongo. Kwa macho yangu hili ni baya kuliko `ValueError` kumi.

Kumbukumbu na kasi. Watu huogopa kwamba orodha mpya inamaanisha nakala mpya za picha. Sivyo. Orodha ya Python hubeba anwani za vitu, na vitu vyenyewe vinakaa pale pale vilipokuwa. Orodha mpya ya fremu 300 inabeba anwani za baiti 8 kila moja, jumla 2,400 na chenji kidogo. Hakuna pikseli inayonakiliwa.

Orodha ndugu. Hapa ndipo inapolegea. Kama una majina pembeni, zifunge pamoja kwa `zip` kabla ya kuchuja: `[(p, j) for p, j in zip(picha, majina) if p.mean() > 20]`. Inafanya kazi, ila zikiwa orodha nne mstari unaanza kuchosha.

Inamfaa nani. Anayeweza kusema kwa maneno kwa nini kitu kinaondoka: kidogo mno, cheusi mno, kirefu mno.

## Njia ya 2: Kufuta kwa nafasi

Unajua namba za nafasi. Labda hesabu fulani imekurudishia, kama `cv2.dnn.NMSBoxes` inavyorudisha namba za visanduku vya kubaki navyo (za kutoa ni zile ambazo hazimo).

```python
kontua = list(kontua)
for i in sorted(set(za_kutoa), reverse=True):
    del kontua[i]
```

Usalama. Wa kati, na unategemea mambo matatu, mawili yakiwa yamejificha kwenye mstari huo wa pili. `reverse=True` ipo kwa sababu ukifuta nafasi ya 3 kwanza, iliyokuwa ya 9 inageuka ya 8; ukianzia mwisho, za mbele hazisogei. `set` ipo kwa sababu namba ikijirudia, mara ya pili inamfuta jirani aliyesogea kuchukua nafasi. La tatu haliko kwenye mstari, na limeniuma: alama ya kutoa.

`cv2.findContours` ikiitwa kwa `RETR_TREE` inarudisha pia jedwali la ukoo wa kontua: kwa kila kontua, namba ya inayofuata, iliyotangulia, mtoto wa kwanza, na mzazi. Pasipo na mzazi, inaandika -1. OpenCV inasema -1 ikimaanisha "hakuna". Python ikiona `del kontua[-1]` inaelewa "wa mwisho". Nilitaka kufuta wazazi wa matundu madogo, na kila kontua isiyo na mzazi ikawa inaniondolea punje moja mkiani. Chuja `i >= 0` kabla ya kitu kingine chochote.

Kumbukumbu na kasi. Hakuna nakala. Kila `del` husogeza anwani zilizobaki, kwa hiyo kufuta nusu ya orodha ya laki kadhaa kutakuchelewesha. Kwa kontua mia mbili za kwenye sinia, hutahisi chochote.

Orodha ndugu. Nguvu yake kubwa iko hapa. Namba zile zile zinafuta kwenye `kontua`, `maeneo` na `majina`, ndani ya kitanzi kimoja. Kasoro ni lile jedwali la ukoo: namba zilizoandikwa ndani yake hazijui kwamba umefuta. Ukishatoa kontua moja, "mzazi wako ni wa 12" inaweza kuwa inamtaja mtu mwingine kabisa. Maliza kulisoma jedwali lote, kusanya namba, ndipo ufute. Baada ya hapo usilirudie.

Inamfaa nani. Mwenye namba mkononi na orodha kadhaa zinazotembea sambamba.

## Njia ya 3: Kutafuta kwa utambulisho

Kuna wakati umekishika kitu chenyewe. Ukingo wa sinia, kwa mfano, ndio kontua kubwa kuliko zote:

```python
ukingo = max(kontua, key=cv2.contourArea)
kontua = [k for k in kontua if k is not ukingo]
```

Ndilo lile swali la kwanza la `remove`, bila lile la pili linaloharibu mambo. Kama hupendi kujenga orodha mpya, pita na `enumerate`, inayokupa kila kitu pamoja na nafasi yake, ukikuta `k is ukingo` ufute nafasi hiyo na utoke kwenye kitanzi papo hapo.

Usalama. Haiwezi kutoa kisichokusudiwa. Inaweza, hata hivyo, kushindwa kutoa kilichokusudiwa, na ikakaa kimya. `is` haiangalii sura. Inauliza kama ni kitu kile kile. Ukipitisha kontua kwenye `approxPolyDP`, kilichorudi ni kitu kipya. Ukituma picha kwa mchakato mwingine ikarudi, kilichorudi ni nakala. Na hili hushangaza wengi: kama fremu zako ziko ndani ya safu moja kubwa iitwayo `rundo`, basi `rundo[2] is rundo[2]` ni uongo. Kila unapoandika `rundo[2]`, NumPy inakutengenezea kibandiko kipya juu ya data ile ile.

Dawa ni rahisi: pima urefu wa orodha kabla na baada. Usipopungua, hukukipata.

Kumbukumbu na kasi. Hakuna njia nyepesi zaidi. Kulinganisha anwani mbili hakujali kama picha ina pikseli kumi au milioni kumi.

Orodha ndugu. Tumia `enumerate` upate nafasi, kisha rudi njia ya 2.

Inamfaa nani. Aliyepata kitu kutoka kwenye orodha hiyo hiyo kwa `max`, `min`, au kwa mtumiaji kubofya juu ya picha, naye anataka hicho tu.

## Njia ya 4: Kulinganisha sura

Hapa una picha ya mfano, na unataka kutoa chochote kinachofanana nayo pikseli kwa pikseli. Huenda skana inatema ukurasa ule ule mara mbili, au kamera imeganda.

```python
picha = [p for p in picha if not np.array_equal(p, mfano)]
```

Usalama. `np.array_equal` huangalia umbo kwanza. Maumbo yakitofautiana jibu ni uongo, bila kosa. Yakilingana, inarudisha neno moja la kweli au uongo. Ndiyo sababu naipendelea kuliko `(p == mfano).all()`, ambayo hunyoosha safu ndogo ifunike kubwa: pikseli moja nyeusi itajiona sawa na picha nzima nyeusi.

Kuhusu `.any()`, iliyotajwa kwenye ule ujumbe wa kosa kana kwamba ni ndugu pacha wa `.all()`: usiitumie kutolea picha. `(p == mfano).any()` ni kweli mradi pikseli moja tu imelingana. Kurasa mbili zilizoskaniwa zina karatasi nyeupe pembeni, kwa hiyo karibu kila ukurasa "utafanana" na kila mwingine. Utabaki na orodha tupu.

Mtego wa pili ni wa maana zaidi kuliko wa msimbo. Fremu mbili nyeusi tii zinafanana kabisa ingawa moja ni ya dakika ya kwanza na nyingine ya dakika ya kumi. Njia hii itazitoa zote mbili. Kama ulitaka moja tu, ulikuwa unahitaji njia ya 3. Kwa upande mwingine, picha iliyohifadhiwa upya kama JPEG haitafanana na asili yake pikseli kwa pikseli hata macho yako yakiapa. Hilo linahitaji kipimo cha tofauti. Ukikiandika mwenyewe, tumia `cv2.absdiff` badala ya kutoa kwa mkono: katika `uint8`, aina ya namba za 0 hadi 255 zinazobeba pikseli, 5 ukitoa 10 ni 251.

Kumbukumbu na kasi. Ndiyo nzito kwa saa. Kulinganisha fremu moja na mfano mmoja si kitu. Kulinganisha kila moja na kila nyingine katika fremu 300 ni jozi 44,850, kila jozi baiti milioni sita na zaidi kila upande. Kwa kazi hiyo piga muhuri (hash, alama fupi inayotokana na baiti zote za picha): `hashlib.sha256(p.tobytes()).hexdigest()`, weka pamoja na `p.shape` na `p.dtype` kwenye `set`, na uitoe picha ambayo muhuri wake umeshaonekana. Umbo liwepo kwenye muhuri, maana `tobytes` haibebi umbo, na picha ya 100 kwa 200 inaweza kutoa baiti zile zile na ya 200 kwa 100.

Orodha ndugu. Kama njia ya 1: `zip`.

Inamfaa nani. Anayeondoa marudio kamili, au ambaye nakala aliyonayo imetoka nje ya orodha.

## Njia ya 5: Barakoa juu ya safu moja

Kama picha zako zote zina ukubwa mmoja, unaweza kuzipanga ndani ya safu moja na kuchuja kwa barakoa ya kweli na uongo.

```python
rundo = np.stack(picha)                  # (300, 1080, 1920, 3)
barakoa = rundo.mean(axis=(1, 2, 3)) > 20
rundo = rundo[barakoa]
```

Usalama. Safi mradi barakoa ni ya kweli na uongo halisi. Ikiwa ni namba 0 na 1, NumPy haioni barakoa. Inaona namba za nafasi. `rundo[[0, 1, 1]]` itakupa picha ya 0, ya 1, na ya 1 tena. Igeuze kwa `.astype(bool)`. Kuigeuza kinyume ni `~barakoa`. Ukiandika `not barakoa` utakutana na `ValueError` yetu ya zamani.

Dada yake ni `np.delete(rundo, [2, 5], axis=0)`. Inapokea namba za safu ya asili, kwa hiyo hakuna shida ya kusogea. Lakini ukisahau `axis=0`, inaigeuza safu yote kuwa mstari mmoja mrefu na kutoa namba mbili ndani yake. Gigabaiti yako bado ipo, ila si picha tena.

Kumbukumbu na kasi. Kasi ni nzuri, kumbukumbu ni ghali. Tofauti na orodha, hapa pikseli zinanakiliwa kweli: kwa muda, rundo la zamani na jipya yanakaa pamoja, karibu gigabaiti 3.7 kwa mfano wetu. Na ile `np.stack` nayo ilikuwa nakala. Kama orodha `picha` bado iko hai, ongeza 1.87 nyingine. Kompyuta ya gigabaiti 4 huenda isionyeshe kosa, igande tu.

Orodha ndugu. Hapa haina mpinzani. Barakoa moja inachuja kila kitu: `maeneo[barakoa]`, `alama[barakoa]`, na kwa orodha za kawaida `list(itertools.compress(majina, barakoa))`. Hiyo `compress` ndiyo pia mlango wa nyuma kwa kontua, ambazo haziwezi kupangwa kwenye safu moja kwa kuwa kila moja ina pointi zake. NumPy tangu 1.24 hukataa kabisa kuzipanga usipotamka `dtype=object`.

Inamfaa nani. Mwenye picha za ukubwa mmoja anayezipeleka kwenye modeli, au yeyote mwenye orodha ndugu tatu na kuendelea.

## Umetoa, lakini kumbukumbu haijashuka

Hili linazihusu njia zote. Ukikata kipande `uso = p[100:200, 50:150]`, kipande hicho ni dirisha tu juu ya `p`. Unaweza kuitoa `p` kwenye orodha kwa njia yoyote ya hapo juu. Maadamu `uso` bado upo, megabaiti 6.2 zote zinabaki kwa ajili ya kipande cha kilobaiti 30. Andika `p[100:200, 50:150].copy()`. Vivyo hivyo kwa jina la kitanzi: baada ya `for p in picha`, jina `p` linaendelea kuishika picha ya mwisho.

## Uchague ipi

Kama unachuja vumbi, vivuli, fremu nyeusi au chochote chenye kipimo, anza na njia ya 1. Kwa kazi nyingi za kontua utaishia hapo hapo, na hutahitaji kusoma zilizobaki.

Kama hesabu nyingine imekupa namba, tumia ya 2, na uangalie -1.

Kama umekichagua kitu kimoja kutoka kwenye orodha hiyo hiyo, ya 3. Kama kimetoka kwingine, ya 4. Watu huchanganya hizi mbili kuliko zote. Jaribio la haraka ni kujiuliza kama vingekuwa viwili vinavyofanana, ungetaka viondoke vyote au kimoja.

Marudio katika mamia ya picha: muhuri wa njia ya 4, usiende jozi kwa jozi.

Safu moja kubwa tayari ipo, na kumbukumbu inatosha mara mbili: ya 5. Kumbukumbu haitoshi: bakia na orodha, tumia `compress`.

Na kama picha zinaingia na kutoka muda wote, mtumiaji anafuta hii na kurudisha ile, pengine orodha si chombo chako. Weka kamusi, kila picha na ufunguo wake tangu ilipoingia, na kufuta kunakuwa `del picha["IMG_0412"]`. Hakuna safu inayolinganishwa na nyingine.

Programu yangu ya maharage sasa inatumia tatu kwa pamoja: sharti kwa vumbi, `is not` kwa ukingo wa sinia, na `compress` kwa kokoto, kwa sababu rangi ya wastani ya kila kontua nimeiweka kwenye orodha ya pembeni. Baada ya kila hatua inachapa idadi iliyobaki. Jana ilichapa 214, kisha 187, kisha 186, kisha 183. Kokoto tatu. Nilizitafuta kwa mkono nikazipata mbili. Ya tatu ilikuwa harage lililoungua.